Kwa nini sikio la kati la mtoto huchunguzwa kwa kipanya anayezaliwa kiziwi?

TabibuWaBondeni aliuliza:

Habari za jioni, ndugu zangu. Mimi ni tabibu katika kituo cha afya cha kijijini, na kwa miaka kadhaa sasa watoto wengi wanaoletwa kwangu wana masikio yanayotoa usaha. Wiki hii nilimhudumia mtoto wa miaka minne ambaye sikio lake la kulia limekuwa likivuja tangu masika yaliyopita. Mama yake alikuwa akilitia mafuta ya nazi ya uvuguvugu kwa ushauri wa majirani, na nilipolikausha kwa pamba iliyosokotwa nikaona kiwambo cha sikio, ile ngozi nyembamba inayopokea sauti, kikiwa na tundu kama punje ya ufuta, na nyuma yake kitu cheupe ambacho nadhani kilikuwa ncha ya mfupa mmojawapo.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma tafiti za sikio la kati, chumba kilicho nyuma ya kiwambo, kila nipatapo nafasi, nami nimekwama mahali pamoja. Karibu kila ninachokisoma kimefanywa kwa vipanya wa maabara au kwa mayai ya kuku. Nimesoma pia kwamba kipanya huzaliwa hasikii, akaanza kusikia akiwa na siku 12 hivi, ilhali mtoto wa binadamu husikia sauti ya mama yake angali tumboni. Je, mnyama anayezaliwa kiziwi atatufundisha nini kuhusu mtoto yule niliyemshika kichwa wiki hii? Na kuku, mwenye mfupa mmoja tu sikioni pale sisi tulipo na mitatu, anaingiaje? Naomba anayefahamu anifafanulie, kwa kuwa sipendi kubeza nisichokielewa.

MwalimuWaMaumbile alijibu:

Ndugu Tabibu, nimefurahi kuona swali hili likiulizwa na mtu anayewagusa wagonjwa kwa mikono yake. Uziwi huo wa kuzaliwa ndio sababu yenyewe ya kumchagua kipanya. Mimba yake huchukua siku 19 au 20 tu, kwa hiyo mambo ambayo kwa binadamu hukamilika ndani ya tumbo, mahali ambapo hatuwezi kuyatazama bila kuhatarisha uhai, kwa kipanya hutokea baada ya kuzaliwa, mbele ya macho ya mtafiti. Anapozaliwa, nafasi ya sikio lake la kati bado imejaa tishu laini changa iliyoifumbata mifupa kama ugali unavyoufumbata mwiko, na katika wiki mbili za kwanza tishu hiyo hupungua, hewa ikachukua nafasi yake, tundu la nje likafunguka, mifupa ikawa huru kutikisika. Mtoto wetu huzaliwa mifupa yake mitatu ikiwa tayari imefikia ukubwa wa mtu mzima, kwa hiyo ukimngojea azaliwe ili uchunguze ilivyojengwa, umeshachelewa.

Kuhusu kuku, nakuomba ufanye jambo moja kwanza: tia kidole sikioni, kisha fungua na kufunga kinywa. Utahisi taya likikusukuma kidole. Ujirani huo una historia ndefu. Mwaka 1837 Mjerumani Carl Reichert, akichunguza viinitete, alionyesha kwamba nyundo na fuawe, miwili ya kwanza kati ya mifupa yetu mitatu ya sikio, ni ile ile mifupa ambayo kwa mijusi na ndege huunda kiungo cha taya, wakati mfupa wetu wa tatu, uitwao kikuku, ndio ndugu wa ule mfupa mmoja wa kuku. Kwa maneno mengine, kuku hakupoteza mifupa miwili. Anayo, lakini bado anaitumia kwenye kiungo cha taya. Ukitaka kuishuhudia hali hiyo kwa mnyama anyonyeshaye, mtazame oposamu, mnyama mdogo wa Amerika wa jamii ya kangaruu, ambaye huzaliwa mchanga kiasi kwamba kiungo chake cha kudumu cha taya hakijaundwa, na katika siku zake za mwanzo taya lake hushikiliwa na mifupa itakayokuja kuwa ya sikio.

Ushahidi wa jeni umekuja kuthibitisha jambo hilo. Mwaka 1993 makundi mawili ya watafiti yaliiondoa jeni iitwayo Hoxa2 kwa vipanya, na badala ya kikuku, ambacho hutoka katika tao la pili la koromeo (matao hayo ni matuta ya shingoni mwa kiinitete, na la kwanza ndilo huzaa taya), wakaona nyundo na fuawe za ziada zimejitokeza, kana kwamba tao la pili limesahau jina lake na kujiita la kwanza. Mwaka 2015 watafiti wa Japani walizuia ishara inayoliagiza taya la chini liwe taya la chini. Vipanya wakakosa kiwambo cha sikio kabisa, lakini viinitete vya kuku vikaota kiwambo cha pili. Maana yake ni kwamba kiwambo chetu na kiwambo cha kuku vilizuka kila kimoja kwa njia yake, kimoja kikifuatana na taya la chini na kingine na la juu. Jambo hilo lisingejulikana kwa kumtazama binadamu peke yake, hata tungemtazama miaka mia.

MwanafunziWaUpasuaji alijibu:

Nakubaliana na Mwalimu, nami naongeza upande wa wodini, kwa kuwa niko katika mafunzo ya upasuaji wa masikio, pua na koo.

Daktari Tabibu, utafiti ulionibadilisha mimi ulichapishwa mwaka 2013 na Hannah Thompson na Abigail Tucker wa King's College London. Walizitia alama seli za vipanya ili wafuatilie kila moja ilikotoka, wakagundua kwamba utando unaofunika sikio la kati una asili mbili. Sehemu ya chini, iliyo karibu na mrija unaoshuka kooni, hutokana na utando wa koromeo, nayo ina silia, vinyweleo vidogo mno vinavyopepea na kusukuma ute nje. Sehemu ya juu, palipo na mifupa, hufunikwa na seli zilizotoka katika ukingo wa neva, yaani seli za kiinitete zinazohama kutoka kando ya uti wa mgongo unaojengeka, nazo hazina silia. Tangu nisome hilo, kila ninaposhika darubini na kukuta uchafu umeganda katika chumba cha juu, naona sababu inayowezekana: pale hakuna wa kufagia. Ni dhana, haijawa hukumu, lakini inaelekea mahali ambapo kolesteatoma, uvimbe wa ngozi iliyoota ndani ya sikio la kati na kula mifupa, hupenda kujificha.

Hata hivyo nakusihi usimwamini kipanya kwa kila jambo. Nyundo yake imeungana na mfupa unaozunguka kiwambo, na sikio lake limeumbwa kwa sauti nyembamba mno ambazo sisi hatuzisikii. Ndiyo maana wanaochunguza maambukizi ya sikio la kati wamemtumia sana chinchila, mnyama mdogo mgugunaji wa Amerika Kusini, ambaye usikivu wake unakaribia wetu na chumba chake cha sikio ni kipana. Panya wa jangwa la Mongolia naye hupata kolesteatoma bila kupandikizwa chochote, jambo ambalo ni adimu na lenye faida kubwa kwetu. Ila hakuna hata mmoja kati yao anayekupa mrija mfupi uliolala karibu kimlalo wa mtoto wa miaka minne, ambao ndio mlango wa mafua yake kuingia sikioni.

Kuhusu mgonjwa wako, tundu likiwa katikati ya kiwambo, endelea kukausha na umweleze mama aache mafuta. Ukiona magamba meupe sehemu ya juu ya kiwambo, au usaha ukawa na harufu kali isiyoisha, mpe rufaa mapema.

MpendaVisukuku alijibu:

Kwa ufupi tu: safari ya mifupa hiyo kutoka tayani kwenda sikioni ina kurasa zake hapa kwetu. Katika bonde la Ruhuhu, kusini mwa Tanzania, mtaalamu wa Cambridge aitwaye Rex Parrington alikusanya visukuku mwaka 1933, na kutoka miamba ya huko alitambulishwa Scalenodon, mmoja wa sainodonti, jamii iliyozaa wanyama wanyonyeshao. Taya la wanyama hao tayari limetawaliwa na mfupa mmoja wa meno, na mifupa ya nyuma imekonda, lakini kiungo bado ni kile cha kale. Parrington huyo huyo baadaye aliandika sana juu ya asili ya sikio la kati.

DaktariWaMifugo alijibu:

Tabibu, usiishie kwenye karatasi. Nunua kichwa cha mbuzi kabla hakijababuliwa. Ukiondoa ngozi na nyama, utaona nyuma ya kiungo cha taya uvimbe wa mfupa mwembamba. Upasue taratibu kwa msumeno mdogo, na ndani utakutana na kiwambo kinachong'aa kama utando wa kitunguu, mpini wa nyundo ukiwa umekilalia, na mbali zaidi kikuku kisichofikia punje ya mchele. Madaktari wengi hufanyia mazoezi kwenye sikio la kondoo, kwa sababu mpangilio wake unafanana na wetu ingawa ni mdogo kidogo, na la mbuzi halitofautiani nalo sana.

TabibuWaBondeni aliandika:

Nawashukuru nyote kwa dhati. Mwalimu, nimetia kidole sikioni mara tatu na kila mara nimemwita mwenzangu naye ajaribu. Daktari wa mifugo, Jumamosi ni siku ya mnada hapa kwetu na mchinjaji ameahidi kuniwekea vichwa viwili. Je, nivichemshe kwanza ili nyama itoke kwa urahisi?

DaktariWaMifugo alijibu:

Hapana, usivichemshe. Kano zinazoishikilia mifupa zitalainika na mifupa itatawanyika kabla hujaiona ilivyopangika. Ondoa nyama kwa kisu kikali, vaa miwani na barakoa unapokata mfupa, anza kwa kichwa kimoja, na kile cha pili kihifadhi kwenye barafu hadi mkono uzoee.