Ncha zote mbili za grafu zinashuka, ilhali digrii (kipeo kikubwa zaidi cha x) ni 3?

Swali: Nimechora f(x) = x³ − 20x², x kutoka −10 hadi 10. Kushoto inashuka, kulia pia inashuka. Si digrii witiri hupeleka ncha pande tofauti?

Jibu 1: Kanuni iko sawa, dirisha lako ndilo dogo. Grafu inageuka juu karibu na x = 13.3, nje ya ulichochora. Kokotoa: f(10) = −1000, f(20) = 0, f(30) = 9000. Panua x hadi 30, na y iwe −3000 hadi 9000. Bila kupanua y, mkunjo utakatwa tena.

Jibu 2: Naongezea: soma kila ncha peke yake, ukitoka katikati kwenda nje. Wengi husoma ncha ya kushoto kwa kuifuata kuelekea kulia, wakasema "inapanda". Hapa x ikielekea −∞, f(x) inaelekea −∞.

Muulizaji: Na (3x² + 1)/(x² − 4)? Inaruka juu karibu na x = 2.

Jibu 1: Hiyo ni asimptoti wima (mstari wima ambao grafu huukaribia bila kuugusa), haihusiani na ncha. Mbali kabisa, pande zote, inakaribia y = 3.