Naenda nje wiki tatu, hela nibebe vipi nisiliwe na makato?

Mgeni_Njiani

Habari zenu wakuu, samahanini uzi utakuwa mrefu kidogo. Mwezi ujao nasafiri nje kwa mara ya kwanza, wiki tatu, nchi mbili na kila moja ina hela yake, na mpaka sasa kila niliyemuuliza habari ya hela kanipa jibu lake. Mmoja kasema nichenji zote kabla sijapanda ndege, mwingine kasema kadi tu inatosha sihitaji kitu kingine, shemeji yangu yeye ni dola tupu mfukoni basi. Nina kadi ya debiti ya kawaida, akaunti iko kwa hela ya nyumbani, na nina noti za dola kama 400 hivi nilikuwa nimezificha siku nyingi.

Kilichonichanganya zaidi ni hili, nimepita duka la kubadilishia fedha wamebandika bango kubwa HAKUNA KAMISHENI, sasa kama hawakati kamisheni wanakula wapi? Na nikiswaipu kadi huko nje reti anapanga nani, benki yangu au ya kwao? Naombeni msaada kabla sijafanya ujinga.

Bi_Hesabu

Wanakula kwenye reti mdogo wangu, hilo bango lisikubabaishe. Hela yoyote ina reti ya katikati, ile unayoiona ukitafuta kwenye intaneti, ndiyo ya mabenki makubwa yanapouziana yenyewe kwa yenyewe. Mimi na wewe hatupewi hiyo. Duka linanunua chini yake na linauza juu yake, ile nafasi iliyobaki ndio riziki yao. Chukulia reti ya kati ni 100 kwa dola 1, wao wananunua dola kwa 94 na wanauza kwa 106. Ukiwapa dola 100 wanakupa 9,400. Kesho yake safari imevunjika unarudisha zote, unaondoka na dola 88 na senti zake. Dola 11 zimeyeyuka na kamisheni haijakatwa, na bango halijasema uongo!

Kwa hiyo dirishani usiulize habari ya kamisheni, uliza nikikupa hizi 100 naondoka na ngapi mkononi, basi, halafu piga hesabu kwenye simu hapo hapo. Bei ya kununua na ya kuuza zikiwa zimeachana sana ondoka. Viwanja vya ndege ndio mabingwa wa hayo kwa sababu wanajua umeshuka umechoka na huna pengine pa kwenda.

Sasa kadi. Ukilipa kwa hela ya huko, reti inatoka kwa mtandao wa kadi, yaani Visa au Mastercard, wote wana kikokotoo kwenye tovuti zao unaweza kuangalia, na mara nyingi iko karibu sana na ile ya kati. Shida ni kile ambacho benki yako inabandika juu. Kuna benki haziongezi kitu, nyingi zinaongeza, 3% kwa muamala wa nje ni kawaida kabisa. Ukitoa ATM kuna ada ya benki yako, na mwenye ile ATM naye anaweza kukata ya kwake. Wapigie benki uwaulize vyote hivyo, na usisahau kuuliza kama hela yako inageuzwa moja kwa moja kwenda hela ya huko au inapitia dola kwanza, maana kuna kadi zinageuza mara mbili na kila kona unaacha kitu, mteja haambiwi mpaka aulize.

kibegi_mgongoni

Bi Hesabu kamaliza, ila kuna mtego mmoja hajautaja na ndio unaoua watu wengi kuliko yote.

Mkuu ukienda kuswaipu au kutoa hela ATM, mashine itaona kadi yako ni ya nje halafu itakuuliza kwa upole kabisa, unataka tukukate kwa hela ya kwenu au kwa hela ya hapa? Mtu anaona hela ya kwao anaijua, anafurahi, anabonyeza. Umekwisha. Ukichagua hela ya kwenu hiyo reti haitoki tena Visa wala Mastercard wala benki yako, inapangwa na kampuni iliyoweka mashine, na wanajipangia wanavyotaka. Nimeshaona zaidi ya 10% juu ya reti ya kati kwa macho yangu kwenye skrini ya ATM, tena wameandika "reti ya uhakika". Ni kweli ni ya uhakika, uhakika wa kuliwa. Wenyewe wanaiita DCC (Dynamic Currency Conversion), yaani kukubadilishia hela hapo hapo kwenye mashine.

SIKU ZOTE CHAGUA HELA YA NCHI ULIYOPO. Hata kama benki yako inakata 3% bado mara nyingi ni nafuu, na kuna benki zinakukata hiyo ya nje hata ukilipa kwa hela ya nyumbani kwa sababu tu duka liko nje, yaani unaliwa pande zote mbili kwa chapati moja.

Nchi za Umoja wa Ulaya wamejitahidi kidogo, tangu 19 Aprili 2020 sheria inalazimisha wakuonyeshe ni asilimia ngapi juu ya reti ya Benki Kuu ya Ulaya kabla hujakubali. Ukiona hiyo asilimia imeandikwa usiipite, isome.

Mgeni_Njiani

Asanteni sana aisee, sikujua kabisa. Ila swali la kishamba, kwenye ATM nikibonyeza kukataa si itanirudishia kadi bila hela?

kibegi_mgongoni

Sio la kishamba, wameitengeneza makusudi uogope hivyo hivyo. Kitufe cha kukubali kinakuwa kikubwa cha kijani, cha kukataa kimejificha pembeni na maneno yanatisha kama vile muamala unafutwa. Haufutwi. Unakataa kubadilishiwa tu, hela inatoka kama kawaida na benki yako ndio inafanya hesabu. Kuna mashine zinakuuliza mara ya pili "una uhakika?", kataa tena, kaza shingo. Ikitokea kweli imegoma chukua kadi yako uende mashine ya jirani.

Kwenye migahawa na maduka ni balaa zaidi maana mara nyingine muuzaji anakuchagulia yeye kabla hajakupa mashine. Mimi nilishakula mahali, risiti inatoka naona imeandikwa hela ya nyumbani na hapo chini eti mteja amepewa nafasi ya kuchagua, wakati sikuulizwa kitu. Nikamwambia yule kijana kwa heshima afute arudie, alinuna lakini alirudia. Angalia skrini kabla hujaweka namba ya siri, ukishaweka kurudi nyuma ni kazi.

Mzee_wa_Noti

Nyie vijana mmeweka imani yote kwenye plastiki. Mimi nimesafiri zamani tukiwa na hundi za wasafiri, zile American Express walizianzisha tangu 1891 huko, leo hata ukimwonyesha karani wa benki anakutazama kama umeleta gamba la konokono. Kadi nazo zinagoma. Mimi kadi yangu ilimezwa na ATM Jumapili jioni, mashine iko kwenye kibanda cha barabarani, hakuna benki hakuna mtu wa kumuuliza, na ndege yangu alfajiri. Kilichoniokoa ni noti za dola nilizoshonea ndani ya mkanda.

Kwa hiyo kijana hizo dola 400 usiziache nyumbani. Ila zikague moja moja. Iliyochanika, iliyoandikwa kalamu, iliyopigwa muhuri, ama utakataliwa ama utapewa reti ya huruma. Noti za kabla ya 2006 sehemu nyingi hawazitaki kabisa, kazibadilishe benki kwanza. Ya mia angalau iwe ile yenye utepe wa bluu, ilianza kutoka Oktoba 2013, hiyo haisumbui. Na ujue kuna maduka mengi noti ya 100 na ya 50 zinapata reti nzuri kuliko za 1, 5 na 10, hizo ndogo weka za dharura tu.

Jambo lingine, kuna nchi hela yao hairuhusiwi kutoka nje. Dinari ya Tunisia kwa mfano, ni kosa kutoka nayo, kwa hiyo huwezi kuinunua kwenu mapema wala kurudi nayo ukachenji nyumbani. Nchi za namna hiyo chenji kidogo kidogo na utunze risiti, ukitaka kurudishiwa dola wakati wa kuondoka wanaweza kuidai.

Bi_Hesabu

Mzee wangu shikamoo. Kwenye akiba ya noti tuko pamoja, nisichokubali ni mtu kununua dola kwa hela ya nyumbani halafu akazichenji tena kule wakati kadi ingefanya kazi hiyo hiyo mara moja. Hiyo ni kupita kwenye ule mwanya wa 94 na 106 mara mbili. Yeye dola anazo tayari basi azibebe, asinunue nyingine.

Na hapo kwenye ATM niongeze, wengi wanatoa vidogo vidogo kwa kuogopa wizi, nawaelewa, ila kama ada ya kutoa ni dola 5 kila mara, ukitoa 50 umelipa 10%, ukitoa 300 haifiki hata 2%. Toa mara chache, toa za kutosha, halafu igawe, nyingine ibaki ulikolala. Na chagua ATM iliyo kwenye ukuta wa tawi la benki, saa za kazi, ikimeza kadi ingia ndani udai. Vibanda vya barabarani na vya mahotelini ndivyo vyenye ada kubwa na ule mtego wa kibegi.

Kadi ya krediti kama unayo lipia dukani tu, USITOE CASH ATM, riba inaanza kuhesabu siku hiyo hiyo huna siku za neema.

senti_tano

Hapo kwenye kadi moja ndipo ninapoona hatari. Tafuta ya pili mkuu, ya benki nyingine, na ikiwezekana moja Visa moja Mastercard, usiziweke pochi moja. Kama huko uliko zinapatikana angalia pia akaunti za sarafu nyingi kama Wise au Revolut, unageuza hela ukiwa umekaa na makato unayaona kabla hujabonyeza. Angalia tu masharti, kuna kikomo cha kutoa ATM bure kwa mwezi, na apu nyingine zinaongeza asilimia wikiendi soko likiwa limefungwa, kwa hiyo geuza Alhamisi usingoje Jumamosi.

Mkodi_Magari

Hakuna aliyesema habari ya depoziti! Mimi nilikodi gari kwa kadi ya debiti, wakashikilia hela kubwa kwenye akaunti kama dhamana, nikajua nikirudisha gari wanaachia papo hapo. Zilikaa siku 12. Siku 12 natembea na akaunti kavu, hela ni yangu naiona lakini siigusi. Afadhali hata hiyo maana ilikuwa imeshikiliwa tu, hoteli niliyofikia wao walikata kabisa halafu wakarudisha, reti ya siku ya kukata na ya siku ya kurudisha sio moja, ikarudi pungufu na hakuna wa kumlaumu. Sasa hivi nauliza kabla, mnashikilia au mnakata? Kama una krediti mambo ya dhamana yaende huko, debiti iache ya kula.

kibegi_mgongoni

Hii ya Mkodi ni muhimu sana, tena hata ukibuki hoteli mtandaoni angalia, tovuti inakuonyesha bei kwa hela ya kwenu ili uone rahisi, kumbe reti wameshaichakachua. Badilisha iwe hela ya huko halafu linganisha.

jua_kali_22

nimesoma uzi wote nimegundua mwaka jana niliibiwa kistaarabu nchi nzima 😂😂

Mgeni_Njiani

Wakuu nimerudi, nimeona si vizuri nipotee baada ya kusaidiwa hivi. Nilifungua kadi ya pili, dola nilibeba 300 tu kwa sababu mia moja ilikuwa ya zamani ile ya kichwa kidogo, nikaiacha. Uwanja wa ndege nilipofika nilitafuta ATM ya benki sikugusa duka lolote, ikaniuliza, nikakataa, ikaniuliza tena, nikakataa, mikono inatetemeka nasema kibegi kama umenidanganya leo nalala nje. Hela ikatoka. Nimekuja kulinganisha na reti ya kati, na makato yote ya benki nimepoteza kama 4% hivi, ile reti ya ATM niliyoikataa ingenila 9%.

Siku ya mwisho nilihesabu noti na sarafu zote zilizobaki nikalipia nazo sehemu ya bili ya hoteli, kilichopungua nikaswaipu, maana sarafu za chuma hakuna duka linazichenji. Nimerudi na vitatu tu vya kumpa mtoto.

Ila mara moja nimepigwa. Duka la zawadi, nina haraka, muuzaji akanigeuzia mashine nikaweka namba ya siri bila kusoma. Imekatwa hela ya nyumbani. Risiti ninayo, imeandikwa nilipewa nafasi ya kuchagua na sikupewa. Kuna kitu naweza kufanya?

Bi_Hesabu

Karibu nyumbani! Ungekuwa bado dukani ungemwambia afute. Sasa hivi peleka hiyo risiti benki uwaambie hukuulizwa unataka kulalamikia muamala, watakupa fomu, usiandike "reti mbaya" andika "sikupewa nafasi ya kuchagua". Kama tofauti ni ndogo hawatahangaika sana na wewe, lakini fomu ni bure jaza tu.

Mzee_wa_Noti

Na ile mia ya kichwa kidogo uipeleke benki wiki hii, usirudishe ulikokuwa umeificha.