Kansa ya mrija wa nyongo inafikaje kwenye ini?

Swali: Jamani mama macho yamekuwa ya njano, mkojo rangi ya chai, anajikuna usiku kucha, vipimo vinasema kansa ya mrija wa nyongo na imeshagusa ini. Imefikaje huko?

Jibu: Pole sana ndugu. Ule mrija ni mwembamba na unatokea ndani ya ini kwenyewe unashuka hadi utumbo mdogo, sasa uvimbe ukipenya ukuta wake unakuta majirani hapohapo, ini, kongosho, mishipa mikubwa ya damu, tena huwa unatambaa kufuata neva.

Jibu: Na huwa unafika pia kwenye tezi za limfu, zile tezi ndogo za kinga ya mwili. Muulize daktari kama mishipa ya damu imeshikwa, hapo ndo operesheni inakuwa ngumu.

Jibu: Ulizia na stenti, kijibomba cha kuweka mrija wazi, baba alipowekewa nyongo ikapita, kujikuna kukapungua, akalala.