Mdogo wangu yuko kwenye dozi ya TB, mama kamletea mitishamba ya kulinda ini. Anywe?

Dada wa Bondeni: Wakuu, habari zenu. Naombeni ushauri, usiku silali.

Mdogo wangu wa kiume, miaka 27, yuko wiki ya sita ya dozi ya TB. Vidonge vitatu kila asubuhi. Tangu Jumapili chakula kimemkataa, harufu ya vitunguu tu inamtoa nje. Mama kasikia dawa za TB zinachoma ini, akaenda kwa mtu wa mitishamba akarudi na chupa: majani ya mlonge, manjano, na mizizi ambayo hakutajiwa jina. Kikombe cha kahawa kutwa mara mbili. Muuzaji anasema utafiti umethibitisha, na kweli mtandaoni nimekuta tafiti nyingi kuhusu mlonge na ini. Kumkatalia mama naona vigumu. Anywe?

Mzee Mkulima: Pole sana binti yangu. Mlonge natia kwenye uji miaka yote, sijaona shida. Mpeni tu, majani hayana kemikali.

Fundi Dawa: Shikamoo mzee. Kwa heshima, hapa napingana nawe. Dada, msimpe kwanza.

Nafanya kazi duka la dawa na tafiti hizo nimezisoma. Nyingi ni za panya. Panya hupewa dondoo ya mmea siku kadhaa, ndipo anapewa sumu, mara nyingi kaboni tetrakloridi au parasetamoli nyingi, kisha ini lake linapimwa. Waliotangulia kunywa mlonge huumia kidogo kuliko wasiokunywa. Ni kweli, na inatia moyo. Ila panya huyo amekingwa kabla, kwa kipimo kinachojulikana. Mdogo wako ameshameza dawa wiki sita, na mizizi ya kwenye chupa hiyo hakuna anayeijua.

Mmea wa ini uliofika mbali kitafiti ni mbigili wa Ulaya, Silybum marianum. Dawa iliyotokana nao hutiwa kwenye mshipa, hospitalini, kwa mtu aliyekula uyoga wenye sumu uitwao Amanita phalloides. Manjano ya kwenye mchuzi hayana neno, lakini vidonge vya manjano yaliyokolezwa vimeshaumiza maini ya watu Italia na Marekani.

Dawa za TB zenyewe, isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi, zote zinaweza kuumiza ini. Ini likilemewa, usilibebeshe mzigo mwingine. Apimwe damu. ALT, kipimo cha damu kinachopanda ini likiumia, ikizidi mara tatu ya kiwango cha juu cha kawaida na mgonjwa ana dalili, daktari husimamisha dawa, ini likitulia huzirudisha moja moja. Asiache mwenyewe kimyakimya.

Mkojo wake ukoje? Rangi ya chungwa ni rifampisini, msiogope. Ukiwa kama chai ya rangi iliyokolea, au macho yana unjano, nendeni leo hii.

Mama Wawili: Dada, mume wangu alipokuwa kwenye dozi hiyo tulimficha muuguzi kwamba anakunywa mizizi. Macho yalipobadilika, daktari akashindwa kujua kilichomuumiza ni vidonge au mizizi. Wiki tatu alikaa bila dawa yoyote ya TB, anakohoa, na watoto wamo ndani. Alipona, lakini hofu ile naikumbuka hadi leo. Nenda na hiyo chupa, waonyeshe.

Dada wa Bondeni: Nimemtoa uani kwenye mwanga, nikamwambia aangalie chini nikainua kope. Weupe wa jicho una unjano. Mkojo kwenye kopo jeupe ni kahawia kabisa. Mama kaona mwenyewe, katia chupa kwenye mkoba bila neno. Tunaondoka.

Dada wa Bondeni: Mrejesho, wakuu. ALT ni 236, mwisho wa kawaida kwenye karatasi yao ni 40. Wamesimamisha dawa zote, Ijumaa anapimwa tena. Chupa wameiona na kuiandika kwenye faili. Alikuwa ameshakunywa vikombe viwili, mama alikuwa hajaniambia. Daktari hakumgombeza, kamwomba tu asimpe tena. Mama sasa anauliza, apike nini kitakachokaa tumboni?

Mama Wawili: Uji mwepesi wa ulezi, kidogo kidogo. Vitunguu mkaangie mbali.