Daraja la reli la Reedham: boti ya tanga inapitaje, na tusubiri wapi?

MamaNuru

Habari zenu wakuu. Naomba msaada kwa wenye uzoefu na mito ya Norfolk huku Uingereza. Mimi na mume wangu tunaishi Norwich mwaka wa sita sasa, mwezi wa nane shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, anakuja kutoka Tanga na wanawe wawili, tumepanga kukodi boti ya tanga siku nne, tunatokea Brundall tunashuka mto Yare mpaka Oulton Broad, ziwa lililo karibu na Lowestoft, halafu tunarudi. Shemeji amekulia kwenye ngalawa kwa hiyo upande wa tanga na upepo sina wasiwasi hata kidogo, wasiwasi wangu ni yale madaraja mawili ya reli yanayozunguka, la Reedham na la Somerleyton.

Juzi nilipanda treni ya Lowestoft makusudi nikaangalie. Nikakaa dirishani. Treni ilipofika mtoni ikaenda polepole mpaka unasikia kila kiungio cha reli chini ya magurudumu, na upande wa gati nikaona boti moja ya mlingoti mrefu imefungwa, mama mmoja amekaa omo, mbele ya boti, na kikombe cha chai anatazama juu, anasubiri. Nikajiuliza amekaa pale tangu saa ngapi.

Nauliza, daraja linafunguliwa na nani, unamwombaje, na asipofungua unafanya nini na maji yanakusukuma? Kijana wa ofisini tulikolipia boti alinijibu "utaona ukifika", basi tangu siku hiyo sipati usingizi vizuri, binti yangu bado hajui kuogelea.

NahodhaMstaafu

Dada MamaNuru karibu sana. Nimepita Reedham zaidi ya mara ishirini, kwa tanga na kwa injini, kwa hiyo nisikilize vizuri.

Kwanza kabisa, huenda hata huhitaji daraja lifunguliwe! Boti za tanga za kukodi kule nyingi mlingoti wake unalala, umewekwa kwenye fremu na chini yake una uzito wa kuusawazisha, mtu mmoja anaulegezea kamba taratibu mwingine anaupokea nyuma. Daraja la Reedham likiwa limefungwa lina nafasi ya kama mita 3 chini yake maji yakiwa yamejaa, la Somerleyton kama mita 2.6. Mlingoti ukilala unapita kwa injini na treni inapita juu yako. Wanaosubiri kufunguliwa ni wale wenye mlingoti usiolala au ambao kuulaza ni kazi ya nusu siku, kama huyo mama uliyemwona.

Jambo la pili ndilo kubwa, na ndilo nataka shemeji alisikie kabla ya kupanda ndege. MAJI. Mto Yare hauna lango la kuzuia maji hata moja mpaka baharini kule Yarmouth, ni maji ya kupwa na kujaa kama ya kwetu, na pale Reedham mto unabanwa, mkondo una nguvu kweli. Mkitoka Brundall mtapenda kushuka na maji yanayokupwa kwa sababu yanawabeba, sawa, lakini maji hayohayo yakifika Reedham yanawabeba mpaka kwenye daraja. Gati liko kabla ya daraja ukiwa unashuka mto, upande wa kijiji. Msiliingie gati na mkondo nyuma yenu. Piteni katikati ya mto, geuzeni boti mapema omo iangalie mkondo, halafu isogezeni pole pole kwa ubavu huku injini inafanya kazi, kamba ya omo itangulie. Msimu wa watalii gatini huwa kuna walinzi wa mto, watapokea kamba, wapungieni mkono mkiwa mbali.

Mimi mwaka wangu wa kwanza niligeuka nimechelewa. Injini ilikuwa inaunguruma kwa nguvu zote na boti inarudi nyuma, kinyumenyume, naziona nguzo za mbao zinazokinga daraja zinakuja, zimeota ukijani mpaka usawa wa maji ya kujaa, na mke wangu ameshika boya mkononi hasemi neno. Tulizigusa kwa shetri, nyuma ya boti. Hatukuumia, ila ule mlio wa mbao nausikia mpaka leo. Mvalishe binti yako jaketi la kuokolea tangu Brundall na asilivue mpaka mrudi.

FundiReli_Ipswich

Naongezea upande wa reli maana ndiyo kazi yangu, ingawa sipo njia hiyo.

Madaraja hayo yamezaliwa na sheria. Njia ya Reedham kwenda Lowestoft ilifunguliwa 1847, wakati ule meli za mizigo zinapanda mpaka Norwich na milingoti yake, na reli ilipewa ruhusa kuvuka kwa sharti isizibe mto, ndiyo maana daraja linageuka. Vyuma mnavyoviona leo ni vya pili, viliwekwa kati ya 1902 na 1905. Chuma chote kimekaa juu ya nguzo moja ya katikati, na ncha zake mbili treni inapopita zinashikiliwa na kufuli na kabari zisicheze. Kufungua si kubonyeza kitufe, mwendeshaji ahakikishe kwanza hakuna treni, aweke ishara nyekundu pande zote, afungue vifungo vya reli, atoe kabari, ndipo azungushe. Akimaliza anarudia yote kinyume, na reli zisipokaa sawasawa kabisa treni haipewi njia.

2020 nguzo za zamani za ishara, zile zenye mikono inayopanda na kushuka, ziliondolewa njia nzima na udhibiti wa treni ukahamia Colchester, lakini kwenye daraja bado kuna mtu kwenye kibanda chake, na huyo ndiye utakayezungumza naye. Redio ya boti chaneli 12, kama huna redio piga simu au honi. Bendera moja nyekundu kibandani maana yake daraja linafanya kazi, mbili maana yake ni bovu usisubiri. Treni za Lowestoft ni kama moja kwa saa kila upande, kwa hiyo atakupa nafasi katikati, na ile nafasi ni fupi, uwe umeshajiandaa, usianze kutafuta kamba.

Halafu mwezi wa nane kuna joto. Chuma kikipigwa na jua kinarefuka, ncha zinabana ukingoni. Likifunguliwa saa nane mchana wa jua kali linaweza likagoma kurudi, na hapo treni zote za Lowestoft zimekwama. Siku kama hiyo hawafungui, na wana haki. Kama mnahitaji kufunguliwa nendeni asubuhi mapema.

AbiriaWaLowestoft

Samahanini lakini mimi nasema ukweli wangu. Napanda treni hiyo kila siku kwenda kazini hospitali, na nimeshachelewa zamu kwa sababu boti moja ya starehe ilitaka kupita. Wagonjwa wananisubiri mimi, mtu mmoja anazunguka na tanga lake jua likizama. Meli za mizigo Norwich hazipandi tena siku hizi. Kwa nini lisifungwe moja kwa moja tujue moja?

NahodhaMstaafu

@AbiriaWaLowestoft pole dada, nakuelewa na kazi yako naiheshimu. Lakini ukilifunga daraja la Reedham umeukata mto. Huku juu Brundall na Norwich kuna mafundi wa boti, kuna vyama vya matanga, kuna boti za milingoti ambazo njia yao ya kufika baharini ni ile tu. Kilichofungwa na reli mtoni hakifunguliwi tena, nitajie sehemu moja kilipofunguliwa. Na tatizo lako la kuchelewa mara nyingi si boti, ni daraja lenye umri wa zaidi ya miaka 100 linalogoma kufunga. Tupiganie vyuma vipya na mashine mpya, wewe utawahi zamu na mimi nitapita.

AbiriaWaLowestoft

Hapo kwenye mashine mpya tuko pamoja. Na watu wa boti wapige simu mapema, wasije wakapiga honi treni iko Haddiscoe, stesheni ya jirani.

MwanaWaPangani

Shem wa Tanga ataona kama yuko nyumbani ila ajue tofauti moja, kwetu tanga la ngalawa linashushwa na foromali yake, ule mti unaolishikilia, dakika moja mlingoti unabaki, kule mlingoti wenyewe ndio unalala. Wale wazee wa Norfolk walikuwa na majahazi yao ya mizigo, tanga moja kubwa jeusi, wakifika darajani wanalaza mlingoti huku boti inatembea na wanausimamisha upande wa pili bila kusimama. Moja, Albion, la 1898, lipo hai mpaka leo na linatembea. Mwambie shem akiliona alisalimie.

Ila na nyie msijaribu kulaza mlingoti mkitembea! Fungeni gatini kwanza, lazeni, kunjeni kamba zote zisidondoke majini zikaingia kwenye propela. Na msiusimamishe mara tu mkipita daraja. Baada ya Reedham mnaingia ule mfereji ulionyooka, New Cut, kama kilomita 4, kingo zake ni vyuma vitupu hakuna pa kufunga, na mwisho wake kuna daraja la barabara la Haddiscoe lisilofunguka, nafasi mita 7 na kidogo. Mkitoka hapo mnapanda mto Waveney na muda si mrefu ni Somerleyton. Bora mwende na injini mlingoti umelala kuanzia Reedham mpaka mpite Somerleyton, ndipo msimamishe mle tanga kwa raha mpaka Oulton.

MamaNuru

Wakuu Mungu awabariki wote, nimeyasoma haya mara tatu na mume wangu ameyaandika kwenye daftari. Nimepiga simu tena tulikokodi, safari hii nimempata mama mtu mzima, kasema mlingoti unalala na atatuonyesha kwa mikono yake kabla hatujaondoka. Binti nimemwandikisha kuogelea kuanzia Jumamosi. Swali la mwisho, Oulton Broad kuna daraja jingine la reli nasikia, hilo nalo tunalipita?

FundiReli_Ipswich

Hapana, hilo liko ng'ambo ya lango la Mutford, ni la wanaoshuka Lowestoft kwenda baharini. Nyie mnaishia upande wa ndani. Lakini watoto wapelekeni kwa miguu wakalione likigeuka, mimi wangu walikaa ukingoni saa nzima.

MwanaWaPangani

Na angalieni jedwali la maji la Yarmouth, Reedham maji yanageuka baadaye kuliko kule. Mfike yakiwa yametulia. Shem akifika atupigie picha!