Je, komedi za TV za zamani zilikuwa huru kuliko za sasa?

mtazamaji_makini
Wakuu, salaam. Mjadala wa komedi hauanzi bila mtu kusema kwamba zamani wachekeshaji walisema lolote, siku hizi kila kitu ni kosa. Ila ukirudi kwenye vipindi vya Marekani na Uingereza vya miaka ya 1950 hadi 1970 unakuta maneno ya kibaguzi yanapita bila shida, huku mke na mume wakilala vitanda viwili. Hasa nini kilibadilika? Na ukitaka kuchambua kipindi cha zamani unaanzia wapi, usije ukaishia kusema "kimepitwa na wakati" basi?

karani_wa_skripti
Mkuu, uhuru huo haukuwepo. Makatazo yalikuwa tele, ila yalikaa upande mwingine. Mwaka 1952, kwenye *I Love Lucy*, CBS, kituo cha TV cha Marekani, iliruhusu hadithi ya ujauzito, lakini neno lenyewe "mjamzito" halikutamkwa, na skripti zilipitiwa na padri, mchungaji na rabi. Mwaka 1970 waandishi wa *The Mary Tyler Moore Show* walitaka mhusika mkuu awe ameachika. CBS ikakataa, wakamfanya aliyevunja uchumba. Miaka 2 tu baadaye, kituo hichohicho kikarusha *Maude*, ambapo mwanamke wa miaka 47 anaamua kutoa mimba.

Si kwamba mabosi waliongoka. Wenye matangazo ya biashara walikuwa wanawataka vijana wa mijini, na mwaka 1971 CBS ilifuta vipindi vya maisha ya kijijini ambavyo bado vilikuwa na watazamaji wengi. Fuata pesa za matangazo kwanza, maadili baadaye.

kambale
Watu wa enzi zile hawakuona tatizo, ndiyo maana. Tusiwahukumu kwa macho ya leo.

karani_wa_skripti
Waliona, ndugu. *The Black and White Minstrel Show* ya BBC, Wazungu waliojipaka rangi nyeusi usoni, ilipingwa kwa waraka rasmi mwaka 1967. Iliendelea hadi 1978. Waliolalamika walikuwepo, ila hawakuwa na nguvu ya kusikilizwa. Hayo ni mambo mawili tofauti.

nyuma_ya_kamera
Kuhusu kuanzia wapi: chukua tukio moja, litazame mara mbili. Mara ya pili andika vitu vitatu kwa kila utani: nani kasema, kicheko cha hadhira kimetoka kabla au baada ya jibu, na kamera imehamia uso wa nani. Kicheko kikija papo hapo baada ya tusi, hadhira inamcheka aliyetukanwa. Kikisubiri jibu au sura ya aliyetukana, mlengwa ni yeye.

Mfano safi ni *All in the Family*, Februari 1972. Sammy Davis Jr., mwimbaji maarufu Mweusi, anapiga picha na mhusika mkuu Archie Bunker, Mzungu mbaguzi wa kutupwa. Picha inapopigwa tu, Sammy anambusu Archie shavuni. Archie anaganda, na ukumbi unacheka kwa muda mrefu. Hakuna neno lililosemwa, na anayechekwa ni Archie peke yake.

Ila usiamini nia ya mwandishi moja kwa moja. Utafiti wa wanasaikolojia Vidmar na Rokeach wa 1974 ulionyesha kuwa watazamaji wenye ubaguzi zaidi ndio waliompenda Archie na kuona ndiye mwenye hoja. Kejeli ina tundu hilo: mhusika akiwa mcheshi sana, mtu anaondoka na utani wake, fundisho analiacha. *The Office* ya Uingereza, 2001, ilijaribu kuliziba kwa kuondoa kicheko kabisa. Bosi anatoa utani mbovu, kamera inabaki kwenye nyuso za wafanyakazi, ukimya unamhukumu. Dawa si kamili, maana wapo wanaompenda huyo bosi pia.

mtazamaji_makini
Asante sana mkuu. Na vipindi vya zamani vilivyoondolewa 2020 kwa sababu ya ubaguzi?

nyuma_ya_kamera
Vingi vilirudi. "The Germans" ya *Fawlty Towers* (1975) iliondolewa na UKTV, kampuni ya vituo vya TV ya Uingereza, ikarejeshwa ndani ya siku chache ikiwa na onyo. Humo mna utani wa aina mbili usiofanana: Basil, mwenye hoteli, kushindwa kujizuia kutaja vita mbele ya Wajerumani, ambapo kituko ni yeye, na maneno ya kibaguzi ya Meja, mzee anayeishi hotelini humo, ambayo BBC ilishayakata kwenye marudio ya 2013. *Little Britain*, komedi nyingine iliyoondolewa 2020, ilirudi BBC mwaka 2022 ikiwa imehaririwa.

Kwa hiyo kabla ya kuchambua, hakikisha una nakala gani. Komedi ya nusu saa ya Marekani ya miaka ya 1970 ilikuwa na takriban dakika 25, na marudio yalikatwa ili matangazo yaongezeke. Ukiona dakika 22, tafuta DVD ulinganishe, la sivyo utaandika kurasa kuhusu ukimya ambao kumbe ni mkasi wa mhariri.