Mabosi wa malori, acheni kufunga (kuzima) breki za tela! Kwenye miteremko ya Kitonga, Sekenke na Iwambi tunakufa sisi

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo naweka uzi. Kila semi ikiacha njia mteremkoni tunasoma maneno yaleyale: breki zilikataa, dereva alikuwa mwendo kasi. Breki za kichwa, yaani lori lenyewe lenye injini, au za tela linalovutwa nyuma? Hakuna anayeuliza. Na uchafu wote umejificha hapohapo.

Mimi ni dereva wa semi, njia ya Dar–Tunduma, mara nyingine Kigali kupitia Singida. Ninayoyasema nimeyaona yadi kwa macho yangu, na si kwa bosi mmoja. Mpira wa ndani ya busta ya tela, ile kopo la upepo linalosukuma breki za tairi, ukipasuka, upepo unavuja, mitungi haijai, gari haliondoki. Dawa ni kubadilisha, na fundi anayejua kazi hachukui muda. Lakini mzigo umeshapakiwa, mteja anapiga simu, basi fundi anaambiwa "funga hiyo, tutaishughulikia likirudi". Anaikunja paipu ya upepo na kuikaza waya, au anaiziba kwa bolti. Halafu anairudisha nyuma springi iliyomo ndani ya busta kwa ile bolti ndefu ili tairi lizunguke. Gari linatoka. Likirudi linapakiwa tena! Leo tairi moja, baadaye ekseli nzima, na ukilalamika unajibiwa kwamba dereva mzuri anashuka na gia.

Mnajua kazi ya hiyo springi? Upepo unaizuia isibane breki muda wote gari linapotembea. Upepo ukiisha, iwe paipu imekatika au kompresa imekufa, springi inajifyatua yenyewe na kubana breki. Ndiyo tegemeo la mwisho la dereva. Mkishaibana kwa bolti, upepo ukikata mlimani hilo tela halina cha kulishika.

Sasa twende kwenye hesabu, maana wapo watakaosema kichwa kipya kutoka Ulaya kinatosha. Chukua gari la tani 50 kwenye mteremko wa asilimia 6, yaani kila mita 100 unashuka mita 6. Ukienda kilomita 40 kwa saa, breki na injini kwa pamoja zinabidi zizuie nguvu inayokaribia farasi 400, mfululizo, mpaka bondeni. Ni kama injini nzima ya lori inakusukuma kwa nyuma huku imekanyagwa mafuta mpaka mwisho. Injini ikipunguza kidogo tu, kinachobaki chote kinageuka joto ndani ya dramu, ngoma ya chuma inayozunguka na tairi.

Ekseli tatu za tela zinaruhusiwa tani 24, karibu nusu ya uzito wote. Ukizifunga, kazi yao inahamia kwenye kichwa. Dramu zinachemka na kutanuka kwenda nje, zinazikimbia lainingi, vile vipande vinavyozisugua kwa ndani. Busta inasukuma mpaka mwisho wa urefu wake na bado haibani sawasawa. Lainingi zenyewe zikipata joto hilo zinapoteza mshiko, hasa zile feki za bei chee mnazotuletea. Unaona moshi kwenye kioo, unanusa harufu, unakanyaga na gari halipungui. Na kukiwa na mvua ni balaa jingine: kichwa kinashika, tela halishiki, linakisukuma mpaka kinakunjwa na barabara yote inazibwa. Basi la abiria linalopanda upande wa pili lina kosa gani?

Kitonga ukitoka Iringa na shaba mgongoni. Sekenke ukitoka Singida na mzigo wa Rwanda. Iwambi ukitoka Mbeya mjini kuteremkia Mbalizi, na pale chini kuna watu, maduka, bodaboda. Njia hizi mabosi mnazijua, ndizo zinazowapa hela.

Na nyie madereva wenzangu mnaotia nyutro mlimani ili mafuta yabaki muuze, siwatetei. Mnaitupa breki ya injini, ile isiyochemsha dramu, kwa lita chache. Shuka na gia ndogo tangu juu, kabla gari halijachanganya.

Mizani tunapimwa safari nzima, kilo zikizidi faini inaandikwa bila huruma. Sawa, barabara ni mali ya umma. Ila mbona hakuna anayeinama chini ya tela kuangalia paipu zilizokunjwa? Kazi ya tochi na macho tu! Nataka ukaguzi juu ya milima hii, tela likaguliwe peke yake, na likikutwa limefungwa breki mmiliki ashtakiwe kwa jina lake. Dereva akikataa safari leo, kesho funguo anapewa mwingine. Hatuna mkataba, hatuna wa kumlilia.

Mpaka hilo litokee, tujilinde. Kabla ya kutoka yadi jaza upepo, achia breki za kichwa, shikilia za tela peke yake, tia gia ya kwanza uvute taratibu. Tela likikufuata halina breki. Zima gari, piga picha kila paipu iliyokunjwa na kila bolti kwenye busta, mtumie bosi kwa maandishi ili baadaye asiseme hakujua. Waliolazimishwa kuondoka hivyo waandike hapa chini ni mlima gani na tela lilikuwa limefungwa ekseli ngapi.